Kosa Moja la Little Snedbury

Jumatatu, 2 Oktoba

Mvua tangu alfajiri. Mke wangu Thelma kaenda kwa dada yake, atarudi kesho. Nimebaki na kompyuta. Nikafungua ile ramani ya uhalifu ambayo polisi huiweka hadharani, kijiji kwa kijiji. Nikaandika: Little Snedbury. Watu mia mbili na kumi na wanne, kanisa moja, baa moja, duka moja. Makosa ya jinai kwa mwaka mzima: moja.

Moja!

Ingekuwa sifuri ningekwenda zangu kulala. Ingekuwa saba ningesema ni walevi wapita njia. Lakini moja? Moja maana yake kuna mtu. Mtu mmoja kati ya hawa tunaosalimiana nao kila asubuhi alifanya jambo moja, siku moja ya mwezi wa Mei, kisha akatulia kama maji mtungini. Ramani inasema ni wizi. Haisemi kimeibwa nini. Nukta yenyewe imekaa katikati ya bwawa la bata.

Bata hawana cha kuibiwa. Nimeikodolea macho mpaka chai imepoa.

Jumanne, 3 Oktoba

Thelma amerudi. Nikamweleza. Akaniuliza, kwani mimi nimeibiwa nini? Nikasema sijaibiwa. Basi kinachoniwasha ni nini? Nikamwambia ni usalama wa jamii. Alicheka mpaka akatua begi chini.

Hanielewi. Miaka thelathini nilikuwa mkaguzi wa mizani za madukani. Mtu wa namna hiyo hawezi kuona gramu moja imezidi akanyamaza, hata baada ya kustaafu.

Nikaenda dukani kwa Daphne Mottram. Huyu ndiye pia mwenyekiti wa kamati ya ulinzi wa jirani, mwaka wa kumi na moja sasa, na katika miaka yote hiyo hajakamata hata paka. Nikajifanya nanunua stempu. Nikamuuliza kwa werevu kama anakumbuka lolote la mwezi wa Mei. Akasema Mei kulikuwa na mvua. Nikalitaja kosa. Akaiva uso kama nyanya.

"Bwana Gadsby," akasema, "kosa ninalolijua mimi hapa kijijini ni moja tu, nalo limesimama mbele ya kaunta linazuia foleni."

Foleni ilikuwa Kasisi Judith peke yake. Akacheka. Kasisi mzima!

Nimekwisha kuamua. Nitamtafuta mwizi, nitampata, na kwenye mkutano wa Ijumaa ya tarehe 13 nitagombea uenyekiti wa kamati. Tuone nani atacheka.

Jumatano, 4 Oktoba

Ugunduzi! Kumbe polisi hawaiweki nukta mlangoni kwa mtu. Huisogeza kidogo ili kumsitiri aliyeibiwa. Kwa hiyo ni mojawapo ya nyumba tisa zinazolizunguka bwawa. Moja ni yetu. Nimeifuta baada ya kumhoji Thelma. (Alinirushia kitambaa cha vyombo, kibichi.) Zimebaki nane.

Mbinu: kuhesabu bata. Ubao, penseli, darubini, kofia yangu ya kijani. Nani atamshuku mtu anayehesabu bata? Nikabisha hodi nyumba tatu nikiuliza kama bata wanawasumbua, kisha nikipenyeza swali langu. Nyumba ya kwanza hawajui kitu. Ya pili mbwa wao alinijua kupita kiasi. Ya tatu ni ya Cyril Tunnicliffe, ambaye ana toroli mbili. Mtu mmoja, bustani moja, toroli mbili! Nikamuuliza kwa upole hiyo ya pili kaipata wapi. Akasema ni yangu, aliiazima kwangu mwaka juzi, na amechoka kungoja niende kuichukua.

Nimeirudisha nyumbani. Magurudumu yanalia njia nzima. Watu walikuwa madirishani.

Alhamisi, 5 Oktoba

Kwa Bi Winifred Askew. Miaka themanini na minne, mjane tangu Machi, masikio mazito kidogo. Mlango wake huwa wazi mchana kutwa, ajaye na aje. Wajao ni wachache. Akanipokea kama mjumbe wa mfalme: chai, keki ya tangawizi, kiti cha marehemu.

Nikamuuliza kuhusu wizi. Akaligeukia birika.

"Wizi? Hapa kwetu? Kula keki, mwanangu."

Nimeandika ubaoni: swali halikujibiwa. Akasema ana albamu ya picha, za marehemu akiwa kijana, nikitaka tutazame. Nikamwambia siku nyingine, Bi Winifred, nina nyumba nne bado. Akanifungia vipande viwili vya keki kwenye karatasi.

Nyumba nne zote: hakuna kitu. Ama kijiji hiki hakina siri, ama kina siri moja kubwa na wote wanaijua isipokuwa mimi. Wazo hili linaniuma kuliko meno.

Jumamosi, 7 Oktoba

Njia mpya. Mwindaji akikosa mnyama huwasha moto msituni, mnyama atoke mwenyewe. Nimechapa vipeperushi:

KIKULACHO KI NGUONI MWAKO! MWIZI WA MEI BADO TUNAISHI NAYE. FUNGA MLANGO. TIA KOMEO, JUU NA CHINI. USIMFUNGULIE MTU USIYEMTARAJIA.

Nakala tisini na mbili. Wino wa printa ukaisha kwenye ya themanini, kwa hiyo kumi na mbili za mwisho zinasoma FUNGA ML tu. Nimezigawa zote. Thelma akasoma moja, akaniuliza nani katika kijiji hiki hutarajia mtu. Watu hupita tu. Nikasema ndiyo hasa hatari yenyewe.

Jumatatu, 9 Oktoba

Moto umewaka! Milango imefungwa kote. Baa jana, hakuna aliyevua koti. Cyril anamshuku tarishi, tarishi anamshuku Cyril. Kasisi amefunga kanisa mchana, jambo ambalo halijapata kutokea. Daphne amemaliza makufuli yote dukani na ameagiza mengine. Akanishukuru! Mimi nalima, mpinzani wangu anavuna.

Saa tisa alasiri, hodi. Konstebo Pellow, kijana wa kituo cha mjini. Akasema wamepata taarifa ya mtu wa mashaka anayezunguka bwawa na darubini. Nikatoa daftari nimsaidie. Akanisomea maelezo: mzee, mnene, kofia ya kijani.

Mimi si mnene.

Nikamweleza juu ya bata. Akaandika neno moja tu, sikuliona. Nikaona nitumie nafasi. Nikamuuliza: wizi wa Mei, ulikuwa kwa nani? Akatazama buti zake.

"Jambo lile nililishughulikia mimi mwenyewe, mzee. Liache lilivyo."

Anajua! Yupo mtu anayejua, kasimama kwenye zulia langu, na hasemi! Sikuweza kula chakula cha jioni. Yaani nilikula, lakini bila raha.

Jumatano, 11 Oktoba



Saa nne asubuhi nilianza kugawa kipeperushi cha pili, namna ya kutia komeo bila kujikwangua. Nikafika kwa Bi Winifred. Mlango umefungwa. Chupa ya maziwa mlangoni, na ya jana kando yake. Nikabisha. Kimya. Nikapiga magoti, nikasema kupitia tundu la barua. Ndipo nikasikia sauti ndogo.

"Nani?"

"Mortimer. Mortimer Gadsby."

"Siwezi kuinuka, mwanangu. Nimeanguka tangu jana asubuhi."

Jana asubuhi! Nikausukuma mlango kwa bega. Komeo juu, komeo chini, vile vile nilivyoelekeza. Mlango wa nyuma vivyo hivyo. Kipeperushi changu kilikuwa kimebandikwa kiooni kwa ndani, kimenyooshwa vizuri, na nilikisoma mara mbili kabla ya kukumbuka nani kakiandika.

Nikachukua chungu cha maua, nikavunja kioo cha stoo. Nikaingiza kichwa, mabega, tumbo. Tumbo likakataa. Nikabaki hapo, nusu kwa Bi Winifred, nusu kwa umma. Nikapiga kelele. Aliyekuja ni Daphne. Bila shaka Daphne! Nilingoja anicheke. Hakucheka. Akaniuliza mama yu hai? Nikasema yu hai. Akatia bega lake mahali ambapo sitapaandika, akasukuma kama anayekwamua gari matopeni, nikaangukia kwenye kapu la viazi. Nikamfungulia. Akakimbia kupiga simu.

Bi Winifred alikuwa chini jikoni, kajifunika kitambaa cha meza. Nyonga imevunjika. Midomo ya buluu. Nikamvika koti langu, nikakaa naye sakafuni. Mkono wake ulikuwa baridi kama kijiko. Ili asisinzie nikawa namsemesha, na kwa kuwa mimi ni mimi, nikamsemesha habari ya wizi.

"Ni mimi," akasema.

Nikadhani anaweweseka. La. Akaniambia yote. Marehemu alipozikwa watu walikuja majuma mawili, na vyakula na maua, kisha kila mtu akarudi kwenye yake. Aprili nzima alizungumza na redio. Mei, siku moja, akapiga simu polisi akasema kaibiwa sepetu. Hakuna sepetu iliyoibiwa. Ipo bandani mpaka leo.

"Akaja yule kijana, Pellow. Akanywa vikombe vitatu. Albamu yote akaitazama, ukurasa kwa ukurasa. Nadhani alijua kabla hajamaliza cha kwanza. Akaniambia, bibi, nishaandika karatasi, lakini nikipita huku nitaingia. Na huingia."

Akalivuta koti langu mpaka kidevuni.

"Wewe ulipokuja na bata wako, nikafikiri umekuja kukaa."

Sikumhoji tena. Thelma atathibitisha kwamba hili ni jambo la nadra.

Gari la wagonjwa lilipofika alinishika kola, akaniomba nisimwambie mtu. Nikaapa.

Ijumaa, 13 Oktoba

Mkutano. Ukumbi umejaa, watu wamesimama mpaka kwenye jiko la chai. Niliandaa hotuba ya kurasa sita. Nimeiacha mfukoni.

Daphne akafungua kikao. Akatangaza kwamba Bi Winifred amepasuliwa jana na anaendelea vizuri. Kisha akanigeukia. Akasema kijiji kimekaa juma zima kwa hofu kwa sababu ya mwizi wa Mwenyekiti Mtarajiwa, kwa hiyo ni haki kijiji kijue: huyo mwizi ni nani?

Watu wote wakanitazama. Macho mia moja! Maisha yangu yote nimengoja chumba kizima kiningojee nijibu. Na jibu ninalo. Liko ulimini, tamu kama asali. Kwa sentensi moja tu ningekuwa mwenyekiti na Daphne angebaki na makufuli yake.

"Sijui," nikasema. "Nilidhani najua. Sijui. Nadhani hakuna mwizi. Fungueni milango."

Kicheko kilianzia nyuma kikaja kama treni. Cyril akauliza je, toroli yangu iko salama? Kasisi Judith akalazimika kutoka nje. Kura zikapigwa kwa mikono: Daphne arobaini na saba, mimi mmoja. Ulikuwa mkono wa Thelma, umeinuka nusu, kama wa mtu anayejikuna.

Njiani kurudi nikamuuliza kwa nini. Akasema ameishi nami miaka thelathini na sita, ananijua nikiwa sijui kitu, na leo sikuwa hivyo. Hakuniuliza zaidi. Akanishika mkono mpaka getini. Nikaona ajabu kwamba mtu anaweza asitake kujua.

Jumapili, 15 Oktoba

Hospitali. Nilikwenda na zabibu. Bi Winifred kakaa kitandani, nywele zimechanwa. Albamu ilikuwa mezani, Daphne kampelekea. Tukaitazama yote, ukurasa kwa ukurasa, saa mbili na robo. Marehemu alikuwa na masharubu mabaya sana ujanani. Nilisema hivyo. Alicheka mpaka nesi akaja.

Daphne ameandika zamu ya kumtembelea akirudi nyumbani. Mimi ni Alhamisi. Nimeomba na Jumatatu.

Jumatano, 18 Oktoba

Siku ya mapumziko ya moyo. Milango imefunguliwa tena kijiji kizima. Nimelipa kioo cha stoo. Nimemwapia Thelma, mkono juu ya kitabu cha mapishi kwa kuwa Biblia ilikuwa mbali: hakuna tena ramani, vipeperushi, wala darubini. Mambo ya watu ni ya watu. Nimejifunza, na nimeandika hapa ili isemwe kwamba nimejifunza.

Saa tano asubuhi nilikuwa nafuta dirisha. Nafuta tu. Akapita Kasisi Judith amebeba gunia. Zito, kwa mwendo wake. Linadondosha maji. Akaingia nalo kwa mlango mdogo wa nyuma ya kanisa. Akatoka mikono mitupu, akatazama kushoto, akatazama kulia.

Saa sita, gunia la pili.

Nikamuuliza Thelma, bila kuonyesha hamu, ni kitu gani kasisi anaweza kuweka kwenye gunia. Akasema viazi. Viazi havidondoshi maji.

Si kwamba namshuku mtumishi wa Mungu. Hasha! Nimempigia simu tu, nikajitolea kukagua unyevunyevu wa kuta za kanisa, ndani na nyuma, bila malipo. Akakaa kimya kwa muda kabla ya kukubali. Muda mrefu. Nimeuandika: sekunde nne.

Naanza kesho saa mbili. Wino wa printa nimenunua chupa mbili, kwa sababu bei ilikuwa nzuri.