Mashine Inayosalimia Wazee

Jumatatu, 3 Novemba

Subhanallah! Ninajifunza VoiceXML, lugha ya kuifundisha simu kuzungumza na watu. Unaandika maneno yako katikati ya alama za mabano, unapiga namba, na simu inayasema! Sauti nimerekodi yangu. Iliposema karibu, mimi ni Abdihafid, niliitikia. Nikabaki nimesimama chumbani kwangu hapa mtaa wa Waberi, Garissa, mwili umenisisimka.

Mpango: laini ya bei za mifugo. Mfugaji anapiga, anataja mnyama, anasomewa bei ya soko la Garissa. Wa kwanza kupiga atakuwa Mzee Kulow wa kijiji cha Kotile, babake Idman. Ijumaa anakuja mjini kuamua nani atamwoa bintiye, mimi au mwalimu Hamze. Hamze ana pikipiki. Mimi nina mashine inayosema!

Jumanne, 4 Novemba

Alama ukiifungua lazima uifunge. Nilisahau kufunga moja, moja tu, simu ikawa bubu mpaka alasiri. Nikaifunga. Ikasema! Nilisujudu.

Idman amempelekea babake namba. Kisha akanishauri nitume wazee wakaseme naye, kama ilivyo desturi. Nimemwambia wazee wanachelewesha mambo. Alinitazama sana. Kwa kunistaajabia, bila shaka.

Jumatano, 5 Novemba

Balaa! Mashine inangoja neno moja: ngamia, ng'ombe au mbuzi. Lakini ni nani Kotile anayetaja mnyama kabla ya salamu? Mzee Kulow aliuliza nabad, yaani kama kuna amani. Akauliza watu wa nyumbani. Alipofika kwenye kuuliza mvua, sauti yangu ikamkatiza: sijakuelewa, rudia. Akarudia, kwa upole zaidi. Ikamkatiza tena. Kisha ikamkatia simu!

Sasa Kotile nzima inasema Abdihafid wa Waberi amekataa salamu za mzee. Hamze amenipigia kunipa pole. Sijawahi kusikia pole yenye furaha namna ile.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimeifunza adabu. Jina langu nimeliondoa, kwa usalama. Sasa mtu akisema lolote mashine inajibu nabad, inamwita Adeer, yaani ami, inauliza mvua, inauliza malisho, inasema Alhamdulillahi. Halafu inarudi mwanzo. Njia ya kutokea nilisahau kuiweka.

Mzee alipiga asubuhi. Adhuhuri walikuwa bado wanasalimiana! Nimesikiliza rekodi. Anaieleza kuhusu ngamia wake anayeumwa, nayo inamjibu Alhamdulillahi. Mzee akasema kijana huyu ana imani kubwa. Machozi yalinitoka. Mistari michache niliyoandika kwa vidole vyangu imekaa na mzee asubuhi nzima, na hakuchoka! Bei hakuuliza.

Ijumaa, 7 Novemba

Baada ya swala nilikwenda kwa shangazi yake Idman, alikofikia mzee. Akaanza: nabad? Nikajibu. Watu wa nyumbani? Hapo nilishindwa kujizuia. Nikaanza kumweleza jinsi mabano yanavyogeuka kuwa sauti, ajabu iliyoje! Akauliza mvua. Nikamfungulia laptopu.

Mzee alimgeukia Idman. Akamuuliza, mbele yangu, kama yule aliyepokea simu jana ni ndugu yangu, na kama ameshaoa. Akasema wa Jumatano ni mimi, hilo halina shaka, amenitambua. Hamze ni mtu mwema, ila hata chai anainywa amesimama. Wa jana ndiye mkwe. Hataamua lolote mpaka amwone.

Nilitoka nje. Nilijionea wivu, wallahi, nikaumia.

Jumamosi, 8 Novemba

Nimepata dawa! Kwenda mwenyewe ndiko kulikoharibu. Kwa hiyo mashine itaposa. Nimeandika ukurasa mpya: nabad, mvua, malisho, ngamia, kisha, Adeer, nimekuja kumposa Idman. Mzee akikubali, itashukuru. Akinyamaza, nimeiagiza ihesabu amekubali. Akikataa, itamrudisha kwenye mvua. Nimeijaribu mara nyingi, na kila mara ninajikubalia. Ni maajabu matupu!

Idman amepiga. Anataka kujua ni lini yeye mwenyewe ataulizwa kama ananitaka. Kweli, hilo sikuwa nimelifikiria. Nikaketi, nikaandika haraka, nikafunga kila alama. Nimemjulisha apige laini ile ile, asubiri salamu ziishe, kisha abonyeze mbili.