Viganja Vyangu kwenye Kanzu za Wakwe

Jamani, leo nimeaibika mpaka sina pa kuuweka uso. Niko Muyinga, uani kwa baba mkwe, nimechuchumaa mbele ya beseni. Acheni niwaeleze mwenyewe kabla rafiki yangu Issa hajawaeleza kwa namna yake.

Mnajua leo ilikuwa siku ya kupeleka mahari kwa kina Zaina, mchumba wangu. Kazi yangu pia mnaijua: natunza ghala la silaha la polisi, Gitega. Ruhusa nilikuwa nayo. Asubuhi kanzu imeshapigwa pasi, simu ikalia. Shefu.

"Kesho wakaguzi wanafika. Zile bunduki za kwenye masanduku ziko na grasi bado. Kuja usaidie wenzako kidogo tu, alafu uende."

Kidogo tu. (Wajinga ndio waliwao.)

Grasi ile, yale mafuta mazito, hamjawahi kuiona. Bunduki zilipakwa na kufungwa kwenye karatasi za nta kabla sijazaliwa, ili zisishike kutu. Ina rangi ya asali, inanata, imeingia mpaka ndani ya mbao za kitako. Unaifuta kwa tambara na mafuta ya taa, unadhani umemaliza. Unaiegesha bunduki juani, mbao zinaanza kutoa grasi upya kama mtu anayetoka jasho. Unafuta tena. Hilo nalijua vizuri. Kumbukeni kwamba nalijua.

Nikaenda, nikazifuta, kisha nikanawa kwa sabuni ya unga na maji baridi, mbio mbio. Nikatazama viganja: safi. (Ngozi yangu nyeusi, grasi rangi ya asali, ningeona nini?) Nikajimwagia manukato, nikavaa kanzu yangu ya kahawia, tukapanda gari: mimi, mjomba Ramadhani aliyekuwa msemaji wetu, na Issa.

Tulipofika Gashoho, Issa akavuta pua.

"We, uko unanuka kama garaji."

"Ni manukato ya Dubai."

"Dubai ya wapi? Ya wale wanatengeneza pikipiki?"

Mjomba akasema mwanamume anayefanya kazi lazima anuke kitu. Nikafarijika.

Sasa, baba mkwe ni fundi cherehani. Kanzu za mtaa mzima zinatoka mkononi mwake, na leo yeye, ndugu zake na wazee wa mtaa walijipanga mlangoni wamevaa mpya, nyeupe kama unga wa muhogo. Na salamu zetu mnazijua. Mrundi hakupi mkono akapita. Mnakumbatiana, viganja mgongoni, mnaulizana habari za safari, za mvua, za maharage, na hakuna anayemwachia mwenzake mpaka habari ziishe. Nikawakumbatia wote kwa adabu. Baba mkwe nilimkumbatia kuliko wote.

Kabla ya kukaa nikaomba chooni. Nyuma ya jikoni nikakutana na Zaina. Siku kama hii binti hukaa ndani, haonekani mpaka aitwe, na mchumba kumgusa ni jambo lisilosemeka. Lakini alikuwa analia.

"Baba anaweza akakataa. Jana alisema, huyu polisi wa Gitega mi siko namjua."

Nikamwekea mkono begani, nikamwambia atulie. Kidogo tu. (Neno hili litaniua.)

Tukakaa uani, jua la saa sita likitupiga. Mjomba akasimama kunisifu.

"Kijana wetu iko na mikono safi. Haijagusa kitu yenye si yake."

Baba mkwe akaridhika, akainuka kwenda kumwita binti yake, akatugeuzia mgongo. Viganja viwili, rangi ya asali, vidole vyote vimekamilika. Mdogo wake akainuka kumfuata: viganja viwili. Wazee wakaanza kugeuka kutazamana migongo, na kila aliyegeuka alikuwa navyo. Jua lilikuwa linaitoa grasi kwenye kanzu kama inavyoitoa kwenye kitako cha bunduki. Mimi nilijua, na nikakaa palepale kama gogo.

"Yebabawe," shangazi yake Zaina akasema, "hii migongo imekuwa aje?"

Baba mkwe akajipapasa, akanusa kidole, akanitazama. Nikasema ni grasi ya kazini, baba, nisamehe. Kisha mzee mmoja akaangua kicheko, na uani kote wakacheka. Hata baba mkwe akacheka.

"Bon. Grasi ya kazi si dhambi. Mwiteni Zaina."

Nikashusha pumzi. Nikasahau kabisa.

Zaina akatoka, kichwa chini, amevaa gauni la rangi ya maziwa. Begani kwake, kiganja kimoja.

Kicheko kikakatika. Baba mkwe akatoa mfukoni utepe wake wa kupimia nguo. "Leta mkono," akaniambia. Akanipima kiganja mbele ya watu wote. Akapima na bega la binti yake. Akaukunja utepe polepole.

"Ni kipimo kimoja. Mulionana wapi?"

Mjomba, msemaji wetu, alikuwa amefumba macho.

"Nyuma ya jikoni, baba," nikasema. "Alikuwa analia. Aliogopa mtanikataa."

Akamtazama binti yake. Zaina hakuinua uso.

"Siko nakataa," akasema. "Mahari nimepokea. Mais lakini hizi kanzu utazifua we mwenyewe. Na harusi itakuwa siku kanzu yangu itarudi nyeupe."

Wanawake wakapiga vigelegele, na Issa anawapigia watu simu kwamba tumeshinda. Tumeshinda nini? Nimeifua kanzu ya baba mkwe kwa maji ya moto mpaka vidole vimekunjamana. Nimeianika. Jua limeipiga, viganja vimerudi.

Kwa hiyo msicheke, na msiniulize tarehe ya harusi. Grasi hii ilikaa kwenye zile bunduki tangu kabla sijazaliwa.