Nani Atakikalia Kiti cha Wasoma Riwaya

Jumatatu, 4 Machi
Mwenyekiti wa chama chetu cha wasomaji amehamia Tamale. Kiti ki wazi, na nakitaka. Jumamosi kila mtu ataichambua ile riwaya kongwe ambayo Kumasi nzima iliisoma shuleni, isipokuwa mimi. Atakayetia fora anakalia kiti. Nani wa kunishinda? Maame Frema, muuza dawa anayelia hata akisoma karatasi ya vidonge? Katekista Opoku, ambaye kila riwaya kwake ni dhambi? Hebu waniache.

Dukani wanaiuza bei ya kuruka. Nimemwendea Auntie Dufie, mkaanga kelewele, zile ndizi za tangawizi na pilipili, anayenunua vitabu vikuukuu kwa kilo vya kufungia ndizi zake. Ninayo! Jalada la nyuma halipo. Nani husoma jalada la nyuma?

Alhamisi, 7 Machi
Nimemaliza. Bonsu anagombana na mjomba wake, anajitwika godoro, anashika njia ya Obuasi. Basi. Sentensi ya mwisho haina hata nukta. Huo ndio ustadi, na wale vichwa maji hawatauona.

Jumamosi, 9 Machi
Maame Frema alianza kulia kabla hajasimama. Eti mazishi ya Bonsu yamemkumbusha ya kaka yake. Mazishi gani? Katekista akafoka kwamba mjane wa Bonsu kaolewa kabla mwaka haujaisha, aibu tupu. Mjane? Bonsu hana hata mchumba. Nikajua hawajafungua kitabu. Nikasimama, nikawaambia kinagaubaga kwamba Bonsu hafi, wameyabuni yote, kisha nikawasomea sentensi yangu isiyo na nukta.

Katekista akakiomba kitabu, akakinusa, kinanukia tangawizi na pilipili, akaniuliza taratibu, "Kaka Asiamah, hiki umekitoa kwa Dufie?"

Walicheka mpaka Maame Frema akalia tena. Mwenyekiti ni yeye. Nimeumia, sitaficha.

Jumapili, 10 Machi
Nimemwendea Dufie kulalamika. Kasema aliniuzia kitabu, hakuniuzia mwisho wake. "Mwisho wamekula nao ndizi watu wa kituoni, kaka. Ungewahi."

Sasa kosa nimeliona. Kumbe wanaopewa viti ni wanaojua mwisho. Mwanzo haumpi mtu chochote. Riwaya ya mwezi ujao Dufie anayo, nzima. Nimemwomba safari hii aanze kuchana kurasa za mwanzo.