Kibanda Changu Mbele ya Buko

Jumatatu, 3 Machi

Nimechoka na Kabedi. Jirani gani huyu! Anasema kibanda changu cha kuchaji simu kinaziba dirisha lake. Kinaziba kidogo tu. Tangu kazi ya mgodi iniishie, kibanda hicho ndicho kinachotulisha, na wateja wanapita pale pale barabarani. Yeye alitaka kwenda tribinali, mahakamani. Shefu wa kartye, mkuu wa mtaa wetu hapa Kapata, akasema tribinali inachosha watu bure. Kila mmoja achague mwamuzi wake, hao wawili wachague wa tatu, na watakaloamua ndilo la mwisho. Vizuri sana! Nitamchagua Kyungu, rafiki yangu wa tangu atelye, karakana ya mgodi. Hajawahi kunipinga.

Jumanne, 4 Machi

Nimelala vibaya. Je, Kabedi akimkataa Kyungu? Basi nimeomba iandikwe katika makubaliano: hakuna kumkataa mwamuzi wa mwenzako. Shefu alisifu akili yangu. Tukatia sahihi. Joyeuse, mke wangu, alianza kusema kuna jambo linamtia wasiwasi. Nilimwambia haya si mambo ya jikoni. Akarudi kwenye sufuria zake.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekwisha! Kabedi amemchagua mama Beya wa Tenke. Mama mzazi wa Joyeuse! Buko wangu, yaani mkwe! Kwetu mtu hamtazami buko usoni, hali chakula mbele yake, wala habishani naye. Ukithubutu, unalipa mbuzi na aibu inabaki. Nilikimbilia kwa shefu kumkataa. Kwa upole, shefu alinionyesha sahihi yangu. Na buko ameshafika, amepewa chumba chetu. Mimi nakula bukari, ugali wetu, nyuma ya nyumba, peke yangu, nikifukuza kuku.

Jumamosi, 8 Machi

Tumeketi. Yaani wao waliketi mezani. Mimi niliwekwa pembeni nikitazama ukuta. Mwamuzi wa tatu ni mzee wetu, tata Muteba, katekista. Kabedi alisema mpaka mate yakamkauka. Tata Muteba akaniuliza kama nina neno. Nilitazama viatu vyangu. Akauliza tena. Nikakohoa. Mwisho Kyungu mwenyewe alinisihi. Wapi! Wakaamua: kibanda kihamie nyuma, karibu na choo. Njiani Kyungu aliniambia: mi nilitaka kukusaidia, tata Kisimba, lakini weye mwenyewe ulifunga kinywa. Nililia. Sioni haya kuandika.

Jumapili, 9 Machi

Buko amerudi Tenke. Joyeuse aliniambia huku akifagia: mama alikuja akiwa tayari kutuachia kibanda barabarani, Kabedi afunguliwe dirisha upande mwingine. Alikuwa anangoja neno letu tu. Na mbele ya buko, mke ndiye kinywa cha mume, kila mtu anajua. Nilimuuliza mbona hakusema. Akasema nilikwisha kumrudisha jikoni.

Hakuna mteja leo. Nani atachaji simu huku ameziba pua? Nimechoka, mwili na roho.

Lakini nimepata wazo! Stany, mtoto wa Kabedi, bado hajaoa. Jémima, binti yetu, bado hajaolewa. Hawa wakioana, Kabedi atakuwa buko wangu, hataweza kubishana nami. Siku hiyo hiyo kibanda kinarudi mbele! Nilimweleza Joyeuse. Aliniuliza siku hiyo mimi nami nitabishana na Kabedi kwa kinywa gani.

Nimemwambia haya si mambo ya jikoni.