Babu Mahfoudh na Hesabu za Sehemu

Jumapili, 5 Oktoba 2025

Nimekuwa mwalimu! Binti yangu Bashayer kamtoa mwanawe Lujain skuli tangu Aprili. Mtoto ana miaka kumi. Alikuwa haongei tena darasani, neno moja halimtoki, na kila asubuhi analia mpaka anatapika. Sasa anasoma nyumbani, na mtahini atamuuliza kwenye kompyuta tarehe kumi na tano. Akishindwa, baba yake Sinan kasema, khalas, anarudi skuli.

Leo kikao cha kugawana masomo. Bi Ghaliya, mama yake Sinan, kasomesha miaka ishirini na tano kabla ya kustaafu. Kachukua Kiarabu, Kiswahili na sayansi. Kisha akataka na hesabu! Roho ikaniuma. Nikasema hesabu zangu, mimi miaka thelathini nimekula hesabu asubuhi na jioni. Si uongo kamili. Nilikuwa mtaa wa Wattaya, kwenye duka la magari. Stoo ya spea. Hilo la stoo sikulirefusha.

Somo lenyewe ni sehemu. Nusu na robo nnazijua, nyama inauzwa hivyo. Zaidi ya hapo, kiza.

Jumatatu, 6 Oktoba

Ufumbuzi! Majibu yote yako nyuma ya kitabu! Nimejifungia chooni nikapiga picha kwa simu yale ya sura ya kwanza. Darasani simu ikawa mapajani, mimi nasahihisha kama kadhi. Raha iliyoje.

Bi Ghaliya akapita na sinia la chai. Akauliza kwa upole kama nimeshamfundisha mtoto kutafuta asili. Nikamjibu asili yetu haihitaji kutafutwa, babu zetu watu wa Nizwa, kila mtu anajua. Akacheka mpaka chai ikamwagika.

Sijaona cha kuchekesha.

Jumatano, 8 Oktoba

Msiba. Bashayer kayachana majibu yote kitabuni, asije Lujain akaiba. Mtoto wa watu haibi hata tende! Picha zangu zimeishia sura ya kwanza, na leo tumeingia ya pili. Nikasahihisha kwa kukisia. Nikamtia makosa sita.

Lujain akakiangalia kitabu, akaniangalia mimi. Akaninong'oneza:

"Babu, hujui?"

"Kichwa kinaniuma," nikasema.

"Asili ni ile namba ya chini, Babu. Si kabila."

Hakumwambia mtu. Nimeona haya tangu adhuhuri mpaka magharibi. Na Bi Ghaliya alikuwa akichekea hilo! Ukaidi ukanizidi.

Ijumaa, 10 Oktoba

Chakula cha mchana, sote sinia moja. Sinan akamuuliza mwanawe, kwa mapenzi kabisa, kipi kikubwa: nusu, au tisa kwa kumi na sita. Lujain kimya. Macho kwenye pilau. Sinan akasema taratibu kwamba nafasi yake skuli bado ipo. Mtoto akanawa mikono na hajala kitu.

Kosa langu. Nnalijua. Nilitaka kusema pale pale. Nikafungua mdomo, na Bi Ghaliya akanitangulia: kesho atakuja kukaa darasani kwangu, kunisaidia kidogo.

Nikasema haiwezekani, kesho tuna safari ya masomo. Wapi? Mdomo ukajibu wenyewe: mtaa wa Ghala.

Ghala! Kuna nini Ghala zaidi ya magereji?

Jumamosi, 11 Oktoba

Nimempeleka kwa Humaid, rafiki yangu wa tangu stoo, mwenye gereji. Alikuwa chini ya pikapu la Kimarekani la zamani. Nikamkalisha Lujain kwenye kiti na juisi, nikaanza kutunga maneno ya kumwambia Bashayer. Nimeshakubali. Nitasema sijui, hesabu apewe Bi Ghaliya.

Humaid akapiga kelele kule chini: "Mahfoudh! Nipe tisa kwa kumi na sita, hii nusu haiingii!"

Nikampa. Sikuangalia hata.

Lujain akaweka juisi chini. "Babu, umejuaje?"

"Nimejua nini?"

"Kwamba tisa kwa kumi na sita ni kubwa kuliko nusu!"

Nikasema mkono unajua. Spana za inchi nimezipanga miaka thelathini, kila moja na namba yake. Akaichukua ile spana, akasoma namba. Akaichukua nyengine. Ya Rabbi! Zile namba zilikuwa sehemu! Miaka yote nauza sehemu na sijui!

Tukatandika kadibodi chini, tukazipanga spana zote kutoka ndogo mpaka kubwa. Yeye mwenyewe akagundua nusu ni nane kwa kumi na sita, ndiyo maana haikuingia. Akamwambia Humaid kwa sauti. Humaid akamuuliza mengine, akamjibu yote, mikono imejaa grisi, anapiga kelele kama fundi.

Njiani nikamwambia hii ndiyo ilikuwa njia yangu tangu mwanzo. Akaniangalia tu.

Jumatano, 15 Oktoba

Alhamdulillahi! Alhamdulillahi!

Mtahini akauliza kipi kikubwa, thumni tano, yaani tano kwa nane, au tisa kwa kumi na sita. Lujain akafumba macho, vidole vikashika hewa kama vimeshika kitu. Bi Ghaliya akanikamata mkono, na mimi nikamwachia aushike. Ndipo mtoto akasema: "Thumni tano. Ni kumi kwa kumi na sita." Kwa sauti! Mpaka jikoni wakasikia! Kisha akamwelezea mtahini habari za spana na bolti, na yule bwana akaandika.

Kafaulu. Harudi skuli. Sinan kalia, kasingizia vumbi. Mimi mwili wote umekuwa mwepesi, kama aliyetua gunia la mchele.

Bi Ghaliya akaja kunipongeza, akauliza njia ile nimeipata wapi. Hapo ndipo mahali pa kusema kweli. Nikamwambia ni nadharia yangu ya zamani.

Bashayer akasema muhula wa Januari unaongezwa Kifaransa, na hajui atampata wapi mwalimu. Bi Ghaliya akakiri hajui hata neno. Hajui! Nikasikia mtu anasema Kifaransa aachiwe yeye, amekizoea.

Kumbe mtu mwenyewe ni mimi.

Nnajua "bonjour". Na hiyo nayo sina hakika kama si Kitaliana. Lakini Januari mbali.