Hisia za Roboti wa Mapokezi

Idara ya Heshima ilitangaza kwa furaha kubwa kwamba, kuanzia Jumatatu, roboti wa mapokezi ana hisia. Hisia hizo zilikuwa zimepimwa na kamati, zikaonekana zinatosha, zikagongwa muhuri. Hisia za wafanyakazi zilikuwa bado zinajadiliwa.

Tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa jiko. Mama Birika, mpika chai wa idara kwa miaka kumi na miwili, alilisoma mara mbili huku maji yakichemka. Kifungu cha tatu kilikataza kumdhalilisha roboti kwa mkono, mguu au mdomo. Kifungu cha tisa kilisema mkosaji, awe nani, atasimamishwa kazi na kuketi kwenye benchi la wageni mpaka roboti amsamehe.

Busara tupu. Na roboti alikuwa na adabu, maana Mkurugenzi mwenyewe ndiye aliyemfundisha kusema. Alimpa sentensi tatu zilizotosha kuendesha idara nzima: "Bosi yuko kikaoni. Faili lako linashughulikiwa. Njoo kesho."

Jumanne, Mama Birika akipita na sinia, aliona uso wa roboti umejaa vumbi. Mkono haukungoja ruhusa.

"Pole mwanangu, ndiyo wamekuacha hivi?" Akampangusa kwa kitambaa cha vikombe.

Chai haijapoa, ameshaitwa mbele ya kamati.

"Umempiga kofi roboti," Mkurugenzi alisema.

"Nimempangusa, baba."

"Kwa idhini ya nani?"

"Ya vumbi."

Karani alicheka, kisha akakigeuza kicheko kikawa kikohozi. Mama Birika hakucheka. Wajukuu wake watatu walikuwa wanaishi kwa birika lile.

"Hapa hatumwonei mtu," Mkurugenzi alisema. "Tutamuuliza mwenye kuumia. Roboti! Toa kila ulichorekodi tangu Jumatatu."

Kurekodi lilikuwa agizo lake mwenyewe, ili wavivu wajulikane.

Taa ya kifuani ikawaka. Ikasikika sauti ya Mama Birika: "Pole mwanangu."

"Malalamiko: hakuna," roboti alisema.

Kisha ukasikika mshindo wa teke, na sauti ambayo kila mtu pale aliijua hata usingizini: "Nipishe, bati wewe! Kopo lisilo na akili!"

"Malalamiko: kumi na manne."

Wajumbe wakaanza kuchunguza kucha zao. Hakuna aliyetaka kukisoma kifungu cha tisa, kwa hiyo karani alikisoma, taratibu, kwa sauti ya mtu aliyeisubiri siku hiyo. Maneno "awe nani" aliyarudia, kwa ajili ya kumbukumbu za kikao.

Saa nne Mkurugenzi alikuwa benchini. Mzee mmoja mwenye bahasha iliyochakaa alisogea kidogo ili amwachie nafasi.

"Karibu, bwana. Mimi huu ni mwezi wa saba."

Mkurugenzi alisimama mbele ya roboti, mikono nyuma kama mwanafunzi. "Nisamehe, ndugu yangu. Nimekosa."

"Faili lako linashughulikiwa," roboti alimjibu kwa adabu. "Njoo kesho."

"Lakini tuko wote hapa hapa!"

"Bosi yuko kikaoni."

Mama Birika akamletea kikombe cha chai, na kitambaa juu ya sinia.

"Kunywa, baba. Na kesho uwahi. Wenzako hufika alfajiri."