Asante, Kanzu Yako Iko Njiani

Jumatatu, 2 Juni 2025
Hatimaye! Hajati Kaltumi, mwenye duka la kushona kanzu la Nakivubo, amenikabidhi ulinzi wa tovuti yake. Wiki moja ya majaribio. Nikifaulu, mimi ndiye mkuu wa mitambo. Nikishindwa, ni Odera. Odera! Mtu anayekula chapati juu ya kibodi.

Odera ametoa ushauri ambao sikuuomba. Ukuta wa tovuti ukimzuia mtu, umwambie wazi: umezuiwa, piga simu dukani. Tena kwanza uandike tu wanaoshukiwa, usimzuie yeyote. Ushamba mtupu. Adui haambiwi ukweli.

Jumanne, 3 Juni
Sikukuu ya Mashahidi. Kampala yote imekwenda kuhiji Namugongo. Mimi niko na dirisha langu jeusi la amri. Odera hubofya vitufe vya rangi. Mimi naandika.

Kanuni: anwani moja ya mtandao ikituma oda nyingi kwa dakika, huyo ni mshambuliaji. Oda zake zitupwe. Lakini jibu atakalopata liwe tamu: "Asante! Kanzu yako iko njiani." Atasubiri hadi azeeke! Nilifuta alama ya mshangao, nikairudisha, nikaifuta. Mchana wote. Imebaki. Amri ilikubaliwa mara ya kwanza. Nililia kidogo.

Jumatano, 4 Juni
Tunashambuliwa! Idd ni Ijumaa. Maadui wanajua kuchagua siku. Ukuta unawatupa kama maganda. Na ujanja wao! Wanajiita Swaibu, Nasser, Hajji fulani wa Namuwongo. Mmoja ametaja hadi upana wa shingo ya mwanawe. Ukatili wa kina.

Hajati aliuliza kwa nini mafundi cherehani wamekaa bure wiki ya Idd. Nilimjibu kwamba usalama una utulivu wake. Odera alicheka, chapati ikampalia. Haki ipo.

Alhamisi, 5 Juni
Washambuliaji wamekuja dukani. Kwa miguu! Wamejaa hadi kwenye ngazi, kila mmoja kainua simu yenye sentensi yangu. Mmoja aliniita nyabo, yaani bibi, akauliza: hiyo njia inapitia wapi, Sudani? Mwingine alitaka kujua kama kesho ataswali amejifunga taulo.

Odera akaeleza kwamba simu nyingi za kampuni moja ya mtandao huweza kuonekana kama anwani moja. Akasema pole, profesa. Akafuta kanuni yangu. Kwa kubofya!

Hajati aliuliza nani aliyeandika ile sentensi. Nilidhani ameipenda. Nikanyoosha mkono.

Mafundi watashona hadi alfajiri. Mimi nimeambiwa niende nyumbani, nikae huko huko.

Jumapili, 8 Juni
Odera ni mkuu wa mitambo. Sina kinyongo. Nina mpango.

Nimemwandikia Hajati kupitia tovuti: ombi refu la kurudishwa, pamoja na kanuni mpya, kali zaidi. Kabla sijaondoa kidole, jibu likaingia: "Asante! Ombi lako liko njiani." Nikatuma tena. Jibu lile lile, papo hapo. Hajati anasoma haraka kweli! Tena ameanza kuandika kama mimi.

Kesho ni Siku ya Mashujaa, hakuna kazi. Jumanne naripoti kazini. Blauzi nimeshaipiga pasi.